Marehemu Alijipandisha Mwenyewe

Kijiwe cha Chuno, mkabala na ghala la korosho, hakikukosa watu hata siku ya pili baada ya kumzika Josephu, mpanga magunia wa ghala hilo. Benchi lile lile, birika lile lile la kahawa, na midomo ile ile. Athumani, dereva wa foklifti, ile mashine ya ghalani inayoinua magunia kwa uma za mbele, alikaa pembeni na kikombe kilichopoa. Roho ilikuwa inamchoma, na acha imchome. Walikuwa wawili tu ndani ya ghala siku ile. Ni yeye aliyemwambia Josephu asimame juu ya uma za mashine ampandishe kileleni mwa magunia, kama walivyozoea, maana kwenda kuburuta ngazi waliona uvivu. Uma zikashtuka, mwenzake akaanguka. Sasa karatasi ya ofisi inasema marehemu alijipandisha mwenyewe kwa uzembe wake, na Athumani kaitia saini.

Issa, waliyembatiza Injinia kwa kuwa aliwahi kufungua redio ikafungika, ndiye aliyeanza.

— Kosa la tajiri. Pale ilitosha toroli ya paleti. Inainua mzigo kiganja kimoja tu toka sakafuni, unausukuma unakokwenda. Nani kafa kwa kuanguka kiganja kimoja? Haba na haba hujaza kibaba.

Filipo Winchi, mstaafu wa bandarini, akabisha. Toroli haipangi magunia juu, akasema. Kwa juu ni foklifti, au chenibloku uining'inize kwenye boriti uvute mnyororo polepole. Kreni waachiwe wenye makontena. Ila mashine zina mambo yake, akaongeza. Yeye aliona kwa macho yake kreni ikigeuka peke yake kutazama Msimbati kunakochimbwa gesi, eti inaifuata.

— Umenena, Injinia akadakia. Mabati yakishika jua yanavuta chuma. Uma zilipanda zenyewe na marehemu kasimama. Ndiyo mgeni njoo, mwenyeji apone.

Athumani alitamani mno iwe hivyo. Akajikuta anaitikia kwa kichwa, kisha akaona aibu.

Hawakumsikia Felista, mjane wa Josephu, akija. Alikuwa kajitanda kanga, karatasi ya ofisi mkononi. Wakampa pole, wakasogea wampishe. Hakukaa.

— Shemeji Athumani, mie mashine sizijui. Mtu akisimama kule mbele kwenye uma, ile fimbo ya kupandishia anaifikia?

Winchi akakohoa. Injinia akainamia kahawa yake. Kijiwe kizima kinajua fimbo iko kwa dereva, kando ya usukani, na aliye kwenye uma mkono wake haufiki hata ajinyooshe vipi. Mmoja mmoja wakageuka kumtazama Athumani.

— Haifikii, alisema.

Felista akaikunja karatasi, akaketi pale walipompisha, ubavuni mwake, akangoja aendelee.