Mzee Hodi na Shimo Namba Kumi na Tisa

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Mzee Hodi, alizaliwa tarehe 3 Machi 1956, mtoto wa nne wa fundi seremala. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1971, kisha akasomea ufundi wa mitambo. Alikuwa mzito wa kusema, mwepesi wa kusikia.

Mwaka 1978 aliajiriwa kuchoronga miamba, yaani kuitoboa mashimo marefu ya kutafutia madini. Kila mara, kabla ya kuteremsha chuma cha kutobolea, aliinama na kupiga hodi kwenye mdomo wa shimo. Wenzake walimcheka mpaka mbavu zikawauma, na jina likamganda.

Tarehe 12 Agosti 1984 alifunga ndoa na mama yetu, mshonaji. Siku ya posa alisimama nje akipiga hodi, na mlango uko wazi. Mama akamwambia, "Ingia basi, au unangoja mlango ukuitikie?"

Dunia ilipochoka moshi na kutaka magari ya betri, kilima nyuma ya nyumba yetu, chenye madini ya betri hizo, kikawa lulu. Mataifa mawili makubwa yalikigombania. Wajumbe wa hili wakitoka asubuhi, wa lile waliingia mchana, na tabasamu lilelile. Baba aliwachorongea wote. Tarehe 9 Juni 2019, jua la utosi, alipiga hodi kwenye shimo namba kumi na tisa. Chini kukaitikia, "Karibu." Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Aliandika daftarini "Tupu", akaliziba shimo kwa saruji na kuacha kazi.

Kifua kilimwanza Novemba 2023. Wajumbe walimfuata hospitalini, mmoja kila upande wa kitanda, wakimuuliza kuhusu lile shimo. Aligeukia ukutani. Akatuambia sisi, "Halikuwa tupu. Nizikeni juu yake. Kaburi hawalifukui bila ruhusa yenu, na ninyi msiitoe." Alifariki tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi.

Leo wachimba kaburi walipoifikia saruji, shemeji yetu alipiga hodi kwa utani. Sote tuliisikia sauti ya baba ikiitikia kutoka chini, naye alikuwa bado sebuleni, ndani ya jeneza. Tumeogopa, hatufichi. Safari hii haikusema karibu. Ilisema, "Karibuni."

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada mmoja.

Wageni wetu wa mataifa yote mawili, tumewaona mmekaa safu ya nyuma. Ruhusa hatutoi. Na tafadhali, mkipita pale, msipige hodi.

Mwacheni baba apumzike kwa amani.