Kichwa Walichoninyoa

Bwana asifiwe! Itikieni kwa nguvu, maana leo sikai chini mpaka nimalize!

Mimi njo Mama Ngoie, ninauza samaki wakavu wa ziwa Kisale hapa sokoni Kamina. Mnanijua kwa kelele. Lakini mwaka uliopita, ndugu zangu, hata kelele iliniisha.

Bwana yangu, baba Kabange, alikuwa mtu wa reli. Alinioa kwa desturi: mbuzi walitolewa, familia mbili zikala pamoja, kisha pasta akatubariki. Kwa leta, kwa serikali wanaoandika ndoa, hatukufika. Kila mwaka nilimwambia, "Baba, twende etasivil watuandike." Ananijibu, "Mama, Mungu ameandika, leta ataongeza nini?" Na mimi nacheka! Cheti cha baraka nilikifunga ndani ya kitambaa, nikajua hiyo njo papiye ya ndoa. Ujinga, ndugu zangu!

Akafa kwa homa ya siku nne. Shemeji zangu waliniketisha kwenye mkeka, wakaninyoa kichwa. Nikakubali, ni desturi. Kilio kilipoisha tu, Kasongo, kaka mkubwa wa marehemu, akasimama mbele ya mlango wangu.

"Weye hauko bibi ya ndugu yetu. Papiye ya leta iko wapi? Haiko! Basi nyumba iko ya familia. Jumamosi utoke na batoto."

Ilikuwa Jumatano! Watoto wanne, wa mwisho bado ananyonya. Nilianza kufunga sufuria, siwafichi. Nilimwomba Mungu kwa hasira: "Bwana, miaka kumi na sita nimepika, nimezaa, nimezika. Kumbe nilikuwa mgeni?"

Mama Mwadi, shemasi wetu, aliyefanya kazi zamani pale komini, ofisi ya leta, alinikuta hivyo. Akafoka: "Fungua izo sufuria! Ndoa ya desturi iko ndoa. Mulikosa kuiandikisha, kweli, lakini juge anaweza kuikubali kama iko bashahidi. Batoto njo banariti mali ya baba yabo kwanza, na weye mujane uko na haki ya kubakia mu nyumba. Shemeji hatoshake muntu mu nyumba bila juge!"

Alhamisi tulikuwa tribinali, kwa hakimu, kumshitaki Kasongo. Jumamosi Kasongo alikuja na kufuli mkononi, nikampa barua ya kuitwa mbele ya juge. Aliisoma mara mbili, akacheka. "Tutaonana kule."

Siku ya kesi ikafika. Shahidi wangu mkubwa, mjomba wangu aliyepokea mbuzi, alikuwa kule Kaniama, mgonjwa, na mvua imeharibu barabara. Pasta alisema juu ya baraka tu. Kasongo, ndani ya koti yake, alisema bila haya: "Bwana juge, hatukutoa hata mbuzi moya. Uyu alikuwa muchumba tu."

Ee Yesu! Juge akaniuliza kama nina neno. Mimi mwenye kelele, nikalia tu. Machozi yalinishuka, nikafungua kitambaa cha kichwa nijipanguse.

Juge akaangalia kichwa changu, nywele ndo zinaanza kuota. "Nani alikunyoa, mama?" Nikamwonyesha Kasongo kwa kidole.

"Mulimunyoa juu ya nini?"

Kasongo akajibu mbiombio, kifua mbele: "Njo desturi yetu, bwana juge! Bibi akifiwa na bwana, familia ya bwana inamunyoa. Muchumba hatumunyoake hata siku moya!"

Watu ukumbini wakaangaliana. Kisha mama mmoja nyuma akapiga kigelegele, na Kasongo akashika mdomo wake mwenyewe. Ilikuwa imeisha! Juge alikubali ndoa yangu. Watoto wako nyumbani mwa baba yao, na mimi pamoja nao.

Ndugu zangu, ninamshukuru Mungu na Mama Mwadi. Mjane unayefunga sufuria leo, mtumaini Bwana, na uende uulize haki yako! Na wewe baba unayecheka pale nyuma, kesho Jumatatu shika mkono wa mama, mwende etasivil. Baba Kabange alisema kweli, Mungu ameandika. Lakini Kasongo hakuwa akisoma maandiko ya Mungu.