Watoto Watano wa Attracta Geraghty

Ndugu waombolezaji, familia inawashukuru kwa kufika Kilcorra licha ya mvua hii.

Mama yetu, Attracta Geraghty, alizaliwa tarehe 4 Februari 1934 hapa hapa Kilcorra, kaunti ya Roscommon, akiwa binti pekee wa Mzee Bartley Cunniffe, akasoma shule ya parokia hadi mwaka 1948, kisha akawa mpishi katika nyumba ya padri mpaka tarehe 6 Juni 1956, alipofunga ndoa na Malachy Geraghty, wakahamia shamba lenye ile ngome ya kale, duara la kuta za udongo na handaki ambalo mkuu fulani wa zamani aliliacha likaota miiba, mahali ambapo wazee wa hapa husema vibwengo hukaa.

Habari ya watoto tutaifikia, mtuvumilie.

Mwaka 1988 mwanawe Fintan alileta tingatinga aisawazishe ngome apate malisho, Mama akatoka na aproni yenye unga, akasimama penye mwanya wa kuingilia, Fintan akamwuliza mbele ya majirani, "Kwani Mama, hao vibwengo wako wanakulipa kodi?", watu wakacheka, sisi tukacheka kuliko wote, naye akatuacha tuamini hivyo hivyo kwamba anaogopa vibwengo.

Januari 2024 alianza kuugua moyo, akalazwa, na tingatinga likarudi, maana tuliona sasa hakuna wa kulizuia. Aliporuhusiwa tarehe 9 Machi ukuta wa mashariki ulikuwa umekwisha, na mashine imegeukia wa pili, akaketi dirishani, kisha akasema, "Dada yenu yumo mle."

Ndipo tulipojua kwamba tarehe 11 Novemba 1957 alijifungua mtoto wa kike asiyepumua, na kwa kuwa hakubatizwa hakupewa nafasi makaburini, Baba akambeba alfajiri katika kisanduku cha siagi hadi ngomeni, walikolazwa wengine kama yeye. Upande gani, Mama hakusema, nasi kwa aibu hatukuthubutu kuuliza. Alifariki tarehe 2 Mei.

Mama alijaliwa watoto watano, Úna, Fintan, Dympna, Colman na Majella. Siku zote alisema watano, nasi tulimsahihisha mbele ya wageni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta chai na mikate, wenzake wa kikundi cha rozari, na dereva wa tingatinga, ambaye aliposikia alizima mashine, akavua kofia, akaondoka bila kutuaga.

Pumzika kwa amani, Mama, na ukimwona Úna, mwambie wadogo zake wanamwomba radhi.