Sikio la Mpiga Kinanda

Assalaam alaykum, jamaa zangu. Kabla sijaanza, nnaomba wenzetu mliokaa nyuma msogee mbele, viti vipo. Nnajua kwa nini mmekaa huko. Mnaona haya kuambiwa hamsikii. Humu ndani hakuna wa kumcheka mwenziwe. Nitasema polepole, uso nimewaelekezea, na sauti ikizama ninyosheeni mkono.

Mie ni mpiga kinanda. Nimezaliwa Mji Mkongwe, mtaa wa Malindi, babangu fundi wa saa. Mjomba wangu akipiga akodiani kwenye taarab, na ndiye aliyenionesha vidole vikae wapi. Lakini katikati ya miaka ya themanini sie vijana tulishikwa na muziki mwengine. Kaseti za roki zilikuja na mabaharia, tukazinakili mpaka utepe ukakwaruza. Tukaunda bendi ya watu wanne: gitaa, besi, dramu na mie. Mazoezi tukifanyia ndani ya ghala la rangi na misumari, milango imefungwa kwa ajili ya majirani. Siku moja babangu alipita, akasema kwa upole kwamba ule si muziki, ni watu wanabomoa nyumba. Tulifurahi sana. Tuliona katusifu.

Mkono wangu wa kulia kulikuwa na spika kubwa kuliko kabati la mamangu, na nyuma yake matoazi ya dramu. Zaidi ya miaka kumi sikio hili la kulia lilikaa pale.

Na nnawaambia bila ya kujifaragua, nlikuwa hodari. Hoteli kubwa zilipofunguliwa Kiwengwa, sie ndio tuliowachezesha wageni. Studio za Dar zikawa zinaniita. Mtu ana wimbo, hana mpiga kinanda. Nnavuka na boti asubuhi, nnausikiliza mara mbili, nnaurekodi, jioni nsharudi. Kwenye kanda nyingi mlizokuwa nazo majumbani mumo vidole vyangu, ingawa jina langu halimo.

Kisha sikio likaanza kupiga mluzi. Nikasema maji yameingia. Mluzi ukakaa wiki, ukakaa mwezi, nami nikaendelea kusema maji. Mke wangu akiniita kutoka jikoni simjibu, akadhani nna kiburi. Nikaona bora adhani hivyo.

Wakati huo bendi tulikuwa tushapata mwimbaji, dada mmoja wa Bwejuu aliyelelewa mjini na shangazi yake. Sauti yake ilikuwa pana na safi, na alipanda nayo popote bila ya kukaza shingo. Alisimama kulia kwangu. Sauti yake ilinifikia kutoka ile spika kubwa, na kinanda changu kilitoka kwenye kispika kidogo kushotoni. Basi nikaanza kumsikia anapanda juu ya noti. Kidogo tu, lakini kwa mwanamuziki kidogo hicho ni kama mchanga kwenye wali.

Nilimwambia mazoezini, akajaribu tena. Nikamwambia mara ya pili, mara ya tano. Wenzetu waliniambia wao hawasikii kosa lolote. Nikawajibu kwamba masikio yao ni ya dramu.

Siku moja pale Kiwengwa, ukumbi umejaa, nikaondoa mikono kwenye kinanda katikati ya wimbo. Nikachukua maikrofoni nikamwambia mbele ya watu, "Dada, rudi kwenye noti au shuka."

Alinitazama. Akasema, wala hakunyanyua sauti, "Kaka, mie nipo kwenye noti. Sikiliza vizuri."

Akamaliza wimbo kwa gitaa peke yake, akashuka. Usiku ule ule niliwaambia wenzangu wachague, mie au yeye. Wakanichagua mie, kwa sababu studio zote zilinijua mie. Khabari zikaenea kwamba yule dada kapoteza sauti. Bendi nyengine hazikumtaka. Akarudi Bwejuu kwa mamake, akaingia kwenye kilimo cha mwani. Na mie nlilala usingizi mzuri, jamaa zangu. Nnasema kweli, kwa sababu nimekuja kusema kweli.

Haukupita mwaka nikaitwa studio. Nlivaa hedfoni, wimbo umewekwa upande wa kulia, kinanda changu upande wa kushoto. Nikaona haviendani. Kinanda kina kitufe cha kupandisha na kushusha noti zote kidogo kidogo, nikakipandisha mpaka vikaenda pamoja. Tukarekodi. Fundi wa studio, mtu mzima mwenye subira, alipousikiliza wimbo wote kwa spika akakunja uso. Akauliza nani kagusa kitufe. Nikasema mie. Hakunigombeza. Alichukua noti moja, akaipiga kwenye sikio langu la kushoto, kisha ile ile kwenye la kulia.

Nilisikia noti mbili.

Nikamwambia arejee. Akarejea mara tatu. Noti ni moja, lakini sikio la kulia lilikuwa likiipandisha. Nilivua hedfoni, nikaenda bandarini kabla ya saa ya boti, nikakaa juu ya sanduku langu la kinanda. Sikuwa nnafikiria sikio. Nlikuwa nnamfikiria yule dada.

Sasa mtadhani nilikwenda kumwomba radhi siku ya pili. Sikwenda. Niliiacha bendi, nikasema nimechoka. Nikafunika kinanda kwa shuka, nikawa nnatengeneza redio za watu barazani, na ukinitajia muziki nnanuna. Hali hiyo iliendelea karibu miaka miwili. Mwishowe nilimweleza mke wangu yote, nikitaraji atanihurumia. Alikuwa anachambua mchele. Akaweka ungo chini, akasema, "Sikio lako Mungu ndiye ajuaye. Lakini jina la mtoto wa watu uliliharibu wewe, na wewe unaweza kulirudisha."

Hapo ndipo nilipoamka. Nilikwenda hospitali kwanza, nikapimwa. Daktari, mwanamke kijana, akaniambia mishipa mingi ya sikio la kulia imekufa kwa kelele, haitarudi, lakini la kushoto ni zima na nilitunze. Akaniandikia kwenye karatasi. Ile karatasi nikaenda nayo Bwejuu.

Nilimkuta nje ya nyumba yao anaanika mwani, mamake kaketi kizingitini. Nikampa mama shikamoo yake. "Marahaba," akasema, na hakunikaribisha ndani. Nikamweleza dada kila kitu nimesimama juani, nikampa karatasi. Aliisoma, akanirudishia.

"Hili la sikio sikulijua," akasema. "La sauti yangu nalijua tangu siku ile. Usiniambie mie. Waambie waliokusikia."

Basi nikawaambia. Nilikwenda kwa meneja wa ile hoteli, nikawaomba wenzangu wa zamani waje, nikamwomba na dada aje. Ukumbi ulijaa tena, na wafanyakazi wa hoteli wote walioishuhudia siku ile walikuwepo. Nikashika maikrofoni nikasema kwamba mwimbaji huyu hakukosea hata noti moja, aliyekosea ni mie, na sikio langu ni bovu. Ulikuwa ukimya mpaka nikadhani na la kushoto limekufa.

Yeye ndiye aliyeuvunja. Alipanda, akahamia kushoto kwangu, akanitolea pamba mkobani. Nikaziba sikio la kulia, tukapiga wimbo ule ule hadi mwisho. Nilimsikia kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Nililia, na vidole havikupotea.

Hakurudi kwenye bendi yetu. Aliunda kundi lake mwenyewe, na baada ya miezi akaniita nikampigie kinanda. Mpaka leo yeye ndiye kiongozi wangu. Studio nazo zilirudi. Sasa nnavaa hedfoni upande mmoja, spika kubwa nnakaa mbali nayo, na kila anayekuja kufanya kazi nami namwambia mapema kwamba nna sikio moja. Kazi yangu ni nzuri kuliko ya zamani, kwa sababu sasa nnawasikiliza watu.

Nnamshukuru Mwenyezi Mungu. Nnamshukuru yule fundi kwa subira yake, daktari kwa kusema bila ya kunificha, mke wangu kwa kutonihurumia, na dada yetu, ambaye alikubali kuusikia ukweli kutoka kwa mtu aliyemzulia uongo.

Na nyinyi, jamaa zangu, nnawaomba neno moja. Mkiona watu wote nyumbani wananong'ona, au redio zote mbovu, au kila mtu anakosea isipokuwa nyinyi, nendeni mkapime kabla hamjamgombeza mtu. Mie siku hizi nikisikia kitu kimekwenda kombo mazoezini, nnageuka kushoto na kuuliza, "Dada, ni mie au ni wewe?"

Mara nyingi hunijibu, "Ni wewe, kaka," na tunaanza upya.