Kasmir, Tarumbeta na Askofu Aliyefungiwa Karanga

Jumatano hii, tarehe 30 Juni 1976, Ndugu Kasmir Ndunguru anarudisha ufunguo wa chumba cha nyaraka baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi. Anasema anaurudisha kwa moyo mkunjufu. Sisi tuliomwona akiupapasa mfukoni tangu Pasaka tuna mashaka yetu.

Kwa wageni wa ofisi yetu ya Mchafukoge: kazi ya Mzee Kasmir ilikuwa kutunza karatasi za marehemu Askofu Benjamini Bakili, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa chuo chetu cha ualimu kabla ya kupewa uaskofu. Marehemu aliandika kila kitu: mahubiri, nasaha kwa walimu, hata malalamiko juu ya maharage yasiyoiva. Mzee alimfahamu vizuri, kwani chuoni ndiye aliyekuwa mwanafunzi wa kupiga tarumbeta la alfajiri. Waliosoma naye wanasema lilitoa sauti ya mbuzi aliyebanwa mlangoni. Walimu wakaomba anyang'anywe. Askofu akakataa, tena kwa maandishi, akaagiza Kasmir aachwe apige. Ndivyo asemavyo Mzee. Sisi habari hiyo tuliiita Injili ya Kasmir, maana shahidi alikuwa mmoja, na ndiye huyo huyo mshtakiwa.

Ushahidi ulikuwepo, ukapotea hivi. Kila kiangazi Mzee alikuwa na desturi ya kumwanika Askofu. Alitoa makasha yote uani, akatandaza karatasi kwenye mikeka kama mtu anayeanika mpunga, ili unyevu na mende viondoke. Mwaka 1971, siku chache kabla ya Saba Saba, ikatangazwa siku ya usafi wa kujitolea. Mzee akaingia ndani kunywa chai. Wana usafi, wakiwa na ari kubwa ya kujenga taifa, wakakuta uani lundo la makaratasi ya kale, wakayazoa yote na kuyapakia kwenye mkokoteni. Chai haijapoa, Askofu yuko njiani kwenda Kariakoo.

Huko alipokelewa na Bi Kuruthumu, muuza karanga. Kufikia alasiri Askofu alikuwa amekwisha kukunjwa vizuri na kujazwa karanga za kukaanga. Mzee alifika akihema, kiatu kimoja mguuni, kingine hajui kiko wapi. Lakini alikuta nusu ya msiba tu. Bi Kuruthumu, mama wa Kiislamu wa pwani hii hii, alilelewa kwamba chakula hakifungiwi kwenye jina la Mungu. Na kwa kuwa ndiyo kwanza alikuwa amejua kusoma katika darasa la elimu ya watu wazima, alizipitia karatasi zote kwa furaha ya mwanafunzi. Kila yenye msalaba au jina la Mwenyezi Mungu aliiweka kwenye kapu safi, akalifunika kwa kanga. Alimrudishia Mzee kapu zima, na akamgombeza kwa kuyaanika chini maneno ya Mungu.

Basi tukabaki na mahubiri matupu. Askofu wetu akawa mtakatifu kupita kiasi: hakasiriki, hali maharage, hana hata tarumbeta lenye sauti ya mbuzi. Wageni waliokuja kumsoma walisinzia mezani. Mzee aliumia kweli. Alitwambia kwamba tumezika nusu ya mtu, na nusu hiyo ndiyo iliyokuwa ikicheka. Tangu hapo akawa mteja wa karanga, na sisi wote akatuingiza katika kazi hiyo. Kila pakiti tuliifungua kwa adabu. Tuliyapata maharage yasiyoiva, tukaupata na ugomvi wa Askofu na sista mpishi, vyote vikiwa na madoa ya mafuta. Mimi nilipata unene ambao haujaniacha hadi leo. Karatasi ya tarumbeta haikuonekana, na Mzee alikonda kwa kuiwaza.

Mwezi uliopita aliniomba nimsindikize akamuage Bi Kuruthumu. Nje ya soko jipya ulikuwa unapita mkokoteni ambao gurudumu lake lilipiga kelele hadi meno yakauma. Wachuuzi wakamzomea mwenyewe, bwana aitwaye Safari, wakimtaka alipake grisi. Safari hata hakusimama. Akawajibu: “Mwacheni Kasmir apige! Mtaamka na hasira, lakini mtaamka!” Watu wakacheka, kama wanavyochekea jambo walilolizoea.

Mzee alinishika mkono kwa nguvu. Nikamuuliza Safari maneno yale kayatoa wapi. Akasema ni msemo wao wa siku nyingi pale sokoni. Mwenyewe ndiye aliyeusoma kwenye karatasi ya karanga, akawasomea wenzake. Na Kasmir ni nani? Safari alinishangaa. Kasmir, alisema, alikuwa jogoo wa askofu mmoja, jogoo mwenye kelele mbaya, watu wakataka kumchinja, askofu akamtetea.

Mzee Kasmir hakumsahihisha. Alifuta macho, akawanunulia karanga wote waliokuwepo, na kwa mara ya kwanza sikumwona akichungulia karatasi.

Asante, Mzee wetu, kwa kututunzia Askofu mzima, wa msalaba na wa mafuta. Hyasinta, anayepokea ufunguo, ameagizwa kwamba akianika kitu, chai akainywee uani. Tunasikia unakwenda kupumzika Buguruni, na kwamba tarumbeta umelifunga kwenye mzigo. Wewe tunakuombea afya na umri mrefu. Majirani zako tunawaombea subira. Wataamka na hasira, lakini wataamka.

Selina, mpiga chapa