Tangazo Lililomwambia Marehemu Aamke

Kijiwe cha kahawa kiko Kabanga, mkabala na stendi: benchi refu la mbao, birika la muuzaji, Teddy, juu ya jiko la mkaa, na kelele za wabadili fedha wanaowakimbilia wasafiri wa Burundi. Asubuhi ile Laurian, dereva wa Hiace ya kukodi, alikuwa ameshakunywa vikombe viwili na hasira haijashuka. Juzi alimbeba marehemu baba yake Rozalia kutoka Nyarubungo, kule Biharamulo, kwenda kuzikwa Murukulazo. Tangu siku hiyo, kila anakopita watu wanajiziba midomo wasicheke.

— Hebu tueleze mwenyewe, alisema Ndikumana, mbadili fedha ambaye kijiwe kizima kinamwita Reti. Sisi tumesikia ya mtaani tu.

— Nieleze nini? Laurian alikibamiza kikombe kwenye benchi. Nimeweka nyimbo za kwaya kwenye simu, zile za bure za mtandaoni. Wafiwa wametulia. Tunapanda mlima, kwaya inamwombea marehemu pumziko. Mara wimbo unakatika, jamaa anabweka kwenye spika zote nne: “Bado umelala? Amka! Bahati yako inakusubiri, beti sasa!”

— Yesu wangu! Teddy aliacha kumimina.

— Na jeneza liko pale katikati! Wanawake wakapiga yowe. Nikanyoosha mkono nizime simu, tairi likatoka kwenye lami, tukaponea ukingoni mwa mtaro. Jeneza likateleza, likagonga kiti. Rozalia akaniuliza, “Laurian, baba yangu anaambiwa aamke abeti?” Ningemjibu nini?

Frednand, fundi simu anayeitwa Injinia, alikohoa kama hakimu.

— Tangazo lile halikuja hivi hivi. Simu husikiliza. Imesikia “pumzika, pumzika”, ikajua humo ndani kuna mtu amelala.

— Acha kuisingizia simu, alisema Reti. Ni minara. Pale mlimani simu yako inadakwa na mnara wa ng'ambo.

— Mnara wa ng'ambo! Laurian alidakia. Tangazo lilikuwa na Kiswahili kizuri kuliko chako!

— Ndiyo ujanja wenyewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Hakuna aliyeuliza ni nani aliyepona.

— Na wewe, Laurian, wahenga walikuonya, Injinia alisema. Asiye na mwana aeleke jiwe. Hukulipia nyimbo, basi eleka tangazo.

— Nieleke mimi, sawa! Marehemu je? Yeye alipakua nini? Halafu huwezi kuliruka. Unabonyeza, linakuambia subiri. Tangazo huchagui, unachaguliwa. Bure gani hii ya kumdhalilisha mtu mbele ya maiti?

— Mimi nakuambia ile kitu inahesabu vichwa, Injinia aliendelea, sauti ikipanda. Inapima pumzi za abiria. Ikahesabu, ikakuta mmoja hapumui, ikasema huyu mteja anatutoroka. Ikamwamsha!

— Basi wanayo orodha ya marehemu wote wa Kagera! Reti alipiga paja.

— Tuwaandikie barua hao wenye nyimbo za bure! Laurian alisimama. Leo hii! Wanikome!

Injinia alishachomoa kalamu. Hapo mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa amekaa mwisho wa benchi na kikapu chake akingoja basi, akageuka. Hawakuwa wanamfahamu.

— Shikamoo mama, alisema Laurian, akishusha sauti.

— Marahaba, mwanangu. Poleni. Huko garini mlikuwa wangapi?

— Tisa, ukimwacha marehemu. Wengi wanakwaya wa kigango chao.

— Wanakwaya?

— Ndiyo, mama.

— Sasa kwa nini hawakuimba wenyewe?

Reti aligeukia barabara kana kwamba ameitwa na mteja. Injinia alifunika kalamu. Teddy alikorogakoroga makaa yasiyohitaji kukorogwa.

Laurian alikumbuka. Wanakwaya waliimba. Gari lilipotoka Nyarubungo, Rozalia mwenyewe ndiye aliyeanzisha, huku akilia, wenzake wakampokea. Na yeye dereva, akijivunia spika alizofunga wiki ile, aliongeza sauti ya simu, akaongeza tena, mpaka mmoja mmoja wakanyamaza. Kwa hilo hakuna aliyemlaumu. Hata Rozalia hakulitaja.

Mama yule alikuwa bado anamtazama, si kwa ukali, anangoja tu kujibiwa. Basi lilipopiga honi aliinua kikapu, akawaaga, akaenda zake.

— Haya, tunaanzaje? Injinia aliuliza kwa sauti ndogo. “Kwa mkurugenzi”?

— Msiandike kitu.

Laurian alichukua ufunguo, akavuka barabara kuelekea kwenye gari lake.

— Wewe! Teddy aliita. Unakwenda wapi na kahawa hujamaliza?

— Murukulazo, alisema, bila kugeuka. Kwa Rozalia.