Sufuria ya Lita Mia

Kijiwe chetu kiko kwenye kona, mbele ya kibanda cha Fundi Saa, ambaye hutengeneza saa za watu na yeye mwenyewe huchelewa kila mahali. Mwezi ujao anamwoza binti yake, na mdomo umemponza: aliwaahidi wakwe, mbele ya ukoo mzima, kwamba bia ya harusi ataipika mwenyewe. Ya majaribio aliipikia kwenye sufuria nyembamba ya alumini ya mkewe. Iliungua chini, ikanuka soksi. Jana mkewe alimkabidhi sufuria ile, nyeusi tii, bila kusema neno. Mke akinyamaza hivyo, mume mwenye akili hutafuta ushauri. Wetu alikuja kuutafuta kwetu.

— Jamani, duka linakaribia kufunga. Nichukue ya lita thelathini au ya mia? Zote stili, hazishiki kutu.

— Mia! alisema Bondia, ambaye hajawahi kupigana na mtu. Haba na haba hujaza kibaba.

— Si ndiyo maana nichukue ndogo?

— Wewe, methali haijibiwi.

Mzee Mizani, mstaafu wa kupima magunia ghalani, akashusha kikombe.

— Msikurupuke. Kwanza sumaku. Ikinata, hiyo ni stili ya kweli. Chanda chema huvikwa pete.

— Mzee, mimi nilisikia ikinata ndiyo feki, nikasema.

— Ulisikia wapi?

— Hapahapa. Kwako. Juzi.

— Juzi nilikuwa nazungumzia vijiko.

— Kitako! alidakia Bondia. Kiwe kinene. Bia huungulia chini, haiungulii juu.

Naapa, hilo ndilo neno pekee la maana lililosemwa siku hiyo, kwa hiyo hakuna aliyelijali.

— Muhimu ni mfuniko, alisema Mzee Mizani. Mzito. Jirani mwenye kijicho akichungulia tu, bia inachacha.

— Mzee, kazi ya bia si ndiyo hiyo, kuchacha? nikauliza.

— Kuna kuchacha na kuchachishwa.

— Aiache wazi! Mficha uchi hazai, alisema Bondia. Tena hata mia haitoshi. Wale wakwe wana ndugu, na ndugu wana ndugu. Chukua mia mbili. Bia ikiisha, bwana harusi ataogea humo.

Fundi Saa alikuwa anang'aa uso. Masikini, alituamini.

— Basi mia. Lakini mtakuja kunisaidia?

— Swali gani hilo! Tuko pamoja mpaka tone la mwisho.

Hilo la tone la mwisho nililisema mimi.

Hapo mkewe akatokea na kapu lake, anatoka sokoni. Hajawahi kusimama kijiweni kwetu. Leo alisimama.

— Shikamoo Mzee. Habari zenu, shemeji zangu. Nauliza tu: hiyo ya lita mia, ikijaa na kuchemka, nani ataiepua jikoni?

Bondia akajishika kiuno. Mzee Mizani akakohoa, akasema magunia alikuwa anayapima tu, hakuyabeba. Mimi nikagundua kahawa yangu ni tamu ajabu, nikazama humo.

Fundi Saa akatutazama mmoja mmoja. Niliona aibu, lakini si ya kutosha kunifanya niseme "mimi".

— Mama watoto, akasema taratibu, hivi wale wakwe… soda wanakunywa?